Miwani na Kompyuta ya Ndani

Miwani alimiliki suti moja, miwani ya vioo vitupu, na laptopu inayomlisha mwaka wa nne sasa. Asubuhi hiyo, mlangoni mwa kiwanda kidogo cha uchapaji, alimsikia bosi akilalamika kwenye simu: programu inayoendesha mitambo ni ya kale, haiuzwi tena, ikifa wamekwisha. Mate yakamjaa mdomoni.

"Mkuu, wiki hii nakagua kompyuta bure!"

Neno hilo halijawahi kumpita bahili. Bosi alimshika mkono mpaka kwa karani, mdogo wa mkewe.

"Programu yetu iko kwenye kompyuta pepe," karani alimweleza. "Yaani kompyuta isiyo na mwili, inaishi ndani ya hii kubwa. Karibu."

Miwani akafungua daftari la mipangilio, mahali kompyuta inapoandika namna ya kujiendesha, akapotosha mstari mmoja tu. "Safi kabisa!" akaaga, akiacha namba yake ya simu. Kesho ingegoma kuwaka, wangemlilia, naye angeondoka na pikipiki ya bosi. Mpango mtamu, jamani.

Ila hakujua desturi ya yule dada: mgeni hapewi kompyuta ya kazi, hupewa nakala. Alipotoka tu, karani akalinganisha madaftari mawili, la nakala na la kompyuta ya kazi, kwa kuyasoma, bila kugusa herufi.

"Shemeji, tumeingiliwa. Ona mstari huu."

"Mwizi mkubwa! Niite polisi?"

"Subiri kwanza."

Akaurudisha ule mstari, akavuruga mingine mitano kwenye nakala ileile, kisha kesho yake akampigia Miwani simu akilia kilio ambacho hata msibani kingesifiwa.

Miwani alifika simu ikiwa bado ya moto. "Kazi nzito hii. Malipo ni pikipiki."

"Utapewa, kaka. Ila weka laptopu yako mezani. Ukishindwa, inabaki."

Miwani alitia sahihi karatasi ya makubaliano huku anacheka. Akafungua daftari, akautafuta mstari wake. Ulikuwa sawa! Akausoma tena. Sawa vilevile. Jasho likaanza kumtoka. Akaiwasha mashine, ikakwama katikati, naye akaanza kubadilisha hiki na kile.

"Kaka, unaandika kabla hujaizima? Daftari litaharibika."

"Dada, kazi hii usinifundishe!"

Kioo kikawa cheusi tii, kisiamke tena. Hapo chumba cha pili mitambo ikaanza kunguruma, karatasi zikimwagika.

"Ile inaendeshwa na nini?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Na kompyuta ya kazi. Hiyo yako ni nakala, nitaifuta."

"Dada, nakuomba. Laptopu ndiyo maisha yangu."

"Na ile programu ni maisha ya watu kumi na mmoja humu ndani. Uliwahurumia?" Akamwonyesha mlango. "Kwenda!"

Miwani akaenda, mikono mitupu.

Laptopu haikuwa hata na nywila. Mjanja hadhani kama na yeye ataibiwa. Ndani mlikuwa na orodha ya maduka kumi na tisa, namba zake za simu, na mstari alioupotosha katika kila moja.

Macho ya bosi yakang'aa. "Shemeji, kila duka tulitoze kiasi gani?"

Karani alikuwa ameshapiga namba ya kwanza.

"Haloo, duka la vitambaa? Zimeni kompyuta, msiguse kitu. Nakuja sasa hivi."