Historia Rasmi ya Jarida la Kabwela

Ilitangazwa kwamba historia ya jarida la Kabwela ingeanza rasmi Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, katika ukumbi wa Ofisi ya Kumbukumbu za Kimapinduzi, Morogoro mjini. Wananchi waliombwa wasiwe na historia nyingine yoyote kabla ya hapo.

Tangazo hilo liliandikwa na Hashimu Lukwele, Kaimu Afisa Kumbukumbu, mtu aliyezipenda kanuni kuliko wali. Alikuwa amekaimu miaka tisa. Mkewe Sabra akiulizwa mumewe anafanya kazi gani, alijibu, "Anakaimu," kama wengine wasemavyo anashona au anapaka rangi. Mwenyekiti wa Kamati ya Historia alikuwa amemwahidi kwamba kazi hii ikienda vizuri, neno "Kaimu" lingeondolewa.

Kabwela lilikuwa jarida la habari la kijamaa, la kimapinduzi kwelikweli. Lilichapwa mjini hapa kila mwezi, kuanzia mwaka 1975 hadi 1981, likiwatetea wavuja jasho na kuwanyima raha makupe. Mwasisi na mhariri wake alikuwa kijana mwembamba mwenye sauti ya radi, Benedikto Mloka. Sasa ni Mheshimiwa Mloka, mzee wa miaka sabini na mitano, tumbo mbele, mjumbe wa bodi nne, na ndiye Mwenyekiti wa Kamati. Ilionekana ni busara historia ya mtu isimamiwe na mtu mwenyewe, ili kupunguza makosa.

Kikao cha kwanza kilifana. Kamati Ndogo ya Tarehe iliundwa, ikashindwa kukubaliana ikutane lini. Kisha Mheshimiwa akasimama, akatoa Azimio la Nne.

"Makala yangu ya kwanza, toleo namba moja, isomwe siku ya sherehe ya uzinduzi, mbele ya mgeni rasmi. Nitaisoma mwenyewe. Asikate mtu hata nukta."

"Inahusu nini, Mheshimiwa?" Hashimu aliuliza, kalamu mkononi.

"Inahusu mkonge. Au jua linachomoza. Andika inahusu ukombozi."

Shida ni kwamba nakala haikuwepo hata moja. Ofisini kulikuwa na kabati lililoandikwa KABWELA, na ndani yake chupa ya chai. Matoleo mengi yaliishia sokoni, yakafungia dagaa na vitumbua, jambo ambalo Hashimu aliliandika katika rasimu kuwa ni "kufikisha elimu hadi ngazi ya kaya".

Winfrida, katibu muhtasari, ndiye aliyemwokoa. "Bosi, kuna bimkubwa mmoja yuko Mlali, Bi Maimuna. Ndiye alikuwa anapanga herufi za hilo gazeti. Nasikia anayo yote. Ila ana mdomo huyo, jipange."

Hashimu alimkuta Bi Maimuna akipalilia kabichi kwenye ukanda mwembamba wa ardhi, kati ya barabara na ua wa nyaya. Upande wa pili wa ua, nyasi zilipanda hadi miguuni pa mlima, bila zao, bila ng'ombe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Umekuja au umetumwa?"

"Nimetumwa."

"Basi kalia hiyo ndoo."

Alitoa sanduku la bati. Ndani mlikuwa na matoleo themanini na manne, yamekunjwa ndani ya khanga, safi kama yametoka mashineni jana. Hashimu alifungua daftari, akasema kwamba kwa mujibu wa rasimu jarida lilifungwa kwa uhaba wa karatasi.

"Karatasi zilijaa mpaka darini," Bi Maimuna alisema. "Mhariri alipata cheo. Kesho yake akatuambia wanyonyaji wamekwisha. Sasa tungeandika nini?"

Hashimu aliandika: *Lilifungwa baada ya kufikia malengo.*

Kisha akafungua toleo namba moja, akasoma hadi chini. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na *Kiapo cha Mhariri*, na chini yake sahihi ya Benedikto Mloka, kubwa kuliko kichwa cha habari.

"Bibi, hili shamba la nyuma ya ua ni la nani?"

"La wazazi wetu. Tumelima hapo tangu hatujaota meno. Miaka sita iliyopita akaja na ramani, akasema halina mwenyewe. Ekari sitini. Tumeandika barua mpaka wino umetukimbia."

"Alikuja nani?"

Bi Maimuna aliigusa ile sahihi kwa kidole chenye udongo.

Hashimu alifunga jarida polepole. "Hii ikisomwa, nitakaimu mpaka kaburini."

"Maneno hayo niliyapanga mimi, herufi moja moja, zile za madini ya risasi. Sikuombi umtukane mtu, mwanangu. Nakuomba yasomwe kama yalivyo. Siyo kazi yako hiyo?"

Njia nzima ya kurudi mjini Hashimu alitafuta kanuni ya kumkatalia. Hakuipata, na hilo lilimuumiza kuliko hofu.

Alijaribu kutenda haki. Siku mbili kabla ya sherehe alimpelekea Mheshimiwa jarida ofisini, akamwambia, "Ni vyema ulipitie kwanza."

"Niliandika mwenyewe, nilisome tena la nini? Wewe Lukwele ndiyo maana hupandi cheo. Unapenda kusoma."

Hashimu aliandika kwenye faili: *Mwenyekiti ameshauriwa. Mwenyekiti hakuhitaji.*

Siku ya sherehe ukumbi ulijaa. Mgeni rasmi alikuwa mama mmoja mkubwa kutoka Dodoma, aliyekuja na wapiga picha watatu. Watu wa Mlali walialikwa na Hashimu kama "wadau wa usomaji", nao wakaketi nyuma, wamevaa nguo zao za Idi.

Mheshimiwa alivaa miwani, akanguruma.

"Kiapo cha Mhariri! Ndugu wavuja jasho! Kupe hazaliwi, kupe hujinenepesha!"

Makofi. Akatabasamu, akaendelea kwa madaha.

"Mimi, Benedikto Mloka, naapa mbele ya umma kwamba sitamiliki ardhi kuzidi ekari mbili. Na siku nikikutwa na..."

Alikohoa. Akageuza karatasi, akaona tangazo la baiskeli, akairudisha.

"Endelea, mzee wetu," mgeni rasmi alisema. "Tunapata elimu."

"Pana... pana vumbi kwenye maandishi."

"Azimio la Nne, Mheshimiwa," Hashimu alisema. Sauti ilimtoka nyembamba, lakini ilitoka. "Isikatwe hata nukta."

Radi ilikuwa imebaki manyunyu. "Siku nikikutwa na ekari ya tatu... wanakijiji wa jirani waingie wailime... wala wasiniulize."

Kisha Bi Maimuna akainuka kule nyuma, na watu wa Mlali wote wakainuka naye. "Mheshimiwa, zile za Mlali ni ekari ngapi vile?"

Mgeni rasmi hakujua lolote kuhusu Mlali. Aliona mzee mwenye machozi jukwaani, na wakulima waliosimama wote kwa pamoja, akadhani ardhi inarudishwa papo hapo, akaguswa moyo. Alichukua kipaza sauti. "Ndugu zangu, viongozi wangapi leo wanarudisha ardhi kwa kiapo cha ujana wao? Katibu, ingiza kwenye muhtasari. Na Jumatano nitakuja mwenyewe kushuhudia."

Kamera zikamgeukia Mheshimiwa. Alitabasamu kama mtu anayeng'olewa jino.

Jioni ile alimwita Hashimu. "Futa ule muhtasari."

"Haufutiki, Mheshimiwa. Kuufuta kunahitaji Kamati, na Kamati umeivunja mwenyewe saa tisa, kwenye hotuba ya shukrani."

"Basi cheo usahau!"

"Nimezoea, Mheshimiwa," Hashimu alijibu, na akashangaa kuona kwamba ni kweli.

Jumatano nyaya zilikuwa zimekunjwa vizuri pembeni. Watu wapatao mia waliingia na majembe. Mheshimiwa alifika na wakili, akamkuta mgeni rasmi amefika mapema na wapiga picha wake, basi wakili akabaki garini. Bi Maimuna alimwongoza mwasisi hadi kwenye ekari zake mbili halali, zile za mawe karibu na korongo, akamkabidhi jembe mbele ya kamera. Mgeni rasmi alipenda sana. Aliomba picha za pande zote, na pande zote zilichukua saa tatu.

Hashimu alikaa kwenye jiwe akiandika maelezo ya picha kwa ajili ya ukurasa wa mwisho wa historia rasmi: *Mwasisi wa Kabwela akiwa kazini.* Alimwonyesha Bi Maimuna, kwa kuwa kanuni zinataka maandishi yahakikiwe.

Bi Maimuna alisoma mara mbili, kama alivyozoea. Akaomba kalamu, akafuta nukta, akaweka mkato na neno moja.

*Mwasisi wa Kabwela akiwa kazini, hatimaye.*