Posa, Kichuguu na Mama wa Kwenye Gari

Leo nimeaibika ukweni. Siyo ile aibu ya kumwaga mchuzi. Mnivumilie.

Mnalijua gari langu la umeme (lile mnaloliita friji). Betri yake ni kubwa, ila sehemu yake imefungwa kwa programu. Ukilipia kwa simu, inafunguliwa na gari linakwenda mbali zaidi. Anayekuuliza maswali ni sauti ya mama mmoja mpole, kwenye simu na ndani ya gari. Mimi niligoma kulipa. Betri niinunue, halafu nikodishiwe?

Leo nimetoka Shinyanga na shangazi kwenda Runzewe kumposa Neema. Neema alishanionya. Kule vijana wanatajirika ghafla, kwa hiyo baba yake humwuliza kila mkwe mali yake imetoka wapi. Nikasema mimi nauza simu, siogopi swali.

Kabla ya kufika, gari likazima. Halikukohoa wala kutetemeka. Lilinyamaza tu, likasimama porini, pembeni ya mashimo ya wachimbaji yaliyoachwa siku nyingi. Wingu lilikuwa limeshuka. Hakuna ndege aliyelia.

"Nguvu iliyobaki imefungwa," yule mama akasema.

"Nani huyo?" shangazi akauliza.

"Ni gari, shangazi."

Akaanza kusali.

Mtandao hakuna. Nikaona kichuguu kirefu. Nikavua viatu (vipya, vya ukweni), nikapanda, nikainua simu kwa mikono miwili. Mtandao ukashika. Nikalipia safari moja tu (ubahili hauniishi). Kioo cha simu sikukiona, maana nilikuwa nimeiinua juu, ikabidi nijibu kwa kupaza sauti.

"Je, unataka kufunguliwa?"

"Nataka."

"Hujasoma masharti. Je, unayakubali yote?"

"Nayakubali yote, mama. Fungua!"

Barabarani gari likaamka lenyewe. Taa zikawaka, vioo vya pembeni vikajikunjua kama masikio, mlango wa shangazi ukafunguka. Shangazi akatoka mbio.

Nikageuka nishuke. Chini alisimama mzee na baiskeli, mbuzi kafungwa kwenye keria. Sikumsikia akija.

"Shikamoo, mzee."

Hakuitikia. Aliitazama miguu yangu isiyo na viatu, akalitazama gari. Mbuzi naye alinitazama.

"Ng'wana wane, mwanangu," akasema polepole, "hapo huwa wanapanda wanaotafuta dhahabu. Hawashuki walivyokuwa."

Akapanda baiskeli, akapotelea kwenye njia ya mkato. Nilibaki na baridi mgongoni, na jasho juu yake.

Shangazi alikubali kurudi garini kwa sharti kwamba niendeshe mwendo wa msiba. Tukafika tumechelewa.

Kwa kina Neema hakuna aliyekuwa anapika. Uani amefungwa yule mbuzi, mzima kabisa, ananitazama. Na kwenye kiti kilicho karibu na baba Neema ameketi yule mzee. Kumbe ni baba mkubwa wa Neema, msemaji wa ukoo.

"Ng'ombe tutawazungumza," akasema. "Kwanza mkwe atuambie. Kule juu mwanamke alimwuliza, naye akajibu anakubali yote. Amekubali kumtoa nani kafara?"

Shangazi akainamia viatu vyake. Nikaeleza betri. Nikaeleza programu. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mchawi (hata mimi nilianza kujiogopa). Mwisho nikasema twendeni mkaone, ni gari tu. Ukoo mzima ukatoka, ukasimama mbali. Nikashika mlango.

"Ulicholipia kimekwisha," yule mama akasema, sauti ikafika hadi jikoni. "Ili kuendelea, lipa tena."

Taa zikazima.

Hakuna aliyepiga kelele, na hilo ndilo lililoniuma. Baba Neema alimshika binti yake mkono, akamwingiza ndani taratibu. Nikasikia komeo.

Shangazi ameondoka na basi. Neema ametuma ujumbe: "Baba anauliza huyo mwanamke ni jini au ni mke mkubwa. Afadhali nijibu lipi?"

Nampenda huyu binti.

Msinicheke, jamani. Au chekeni kwa sauti ya chini, maana naandika nikiwa ndani ya gari, na yule mama ameniuliza sasa hivi kama bado nakubali.