Winchi ya Injinia Paskali

Miaka ile ya ruksa, kila mtu Singida aliamka mfanyabiashara. Muuza karanga alijiita mkurugenzi, na Paskali, ambaye shule ya ufundi aliipita kwa nje akienda sokoni, alijiita injinia. Hakuna aliyemdai cheti. Alikuwa na kalamu tatu kwenye mfuko wa shati, na kwa nyakati zile kalamu tatu zilitosha kabisa kuwa shahada.

Siku moja alikuwa hotelini karibu na stendi, akinywa chai aliyonunuliwa na mtu, aliposikia mama mmoja akilalamika meza ya jirani. Alikuwa Bi Hajira, mjane mwenye duka la vitambaa mjini, ambaye karibuni alikuwa amefungua mashine ya kupasua mbao kule Mungaa. Kibali alikuwa nacho, msumeno alikuwa nao, na magogo ya mninga yalikuwa yamelala porini yakimsubiri. Kazi ilikuwa kuyatoa huko. Gogo moja, watu wanane walishinda nalo kutwa, na kesho yake nusu yao walilala wakiugulia viuno.

"Sijui ninunue trekta," alisema, "au niendelee kukodi maksai wa Mzee Alute."

Paskali aliweka kikombe chini. Alinusa riziki.

"Shikamoo mama. Samahani kwa kuingilia. Mimi ni Injinia Paskali, mtaalamu wa mambo ya magogo."

"Marahaba. Kumbe magogo nayo yana wataalamu?"

"Tuko wachache, mama. Trekta usinunue. Trekta ni mlevi, linakunywa dizeli hata likiwa limekwama kwenye tope. Na maksai..." Akashusha sauti kama anayetaja marehemu. "Maksai, mama, katika zama hizi za soko huria? Wenzako Ulaya wanatumia winchi. Waya, ndoano, injini. Gogo linakuja lenyewe kama mbwa aliyeitwa."

"Na winchi hiyo inapatikana wapi?"

"Kwa bahati yako," alisema Paskali kwa unyenyekevu mkubwa, "imebaki moja."

Kweli ilikuwa moja. Aliiokota kwa muuza vyuma chakavu, meno yake yameliwa mpaka yamebaki kama ya kikongwe. Ingeweza kuvuta mbuzi, mradi mbuzi mwenyewe awe tayari. Lakini injini yake haikukubali kuuficha ubovu: ilikohoa mara mbili na kufa. Basi Paskali akaifungia winchi injini nyingine, nzima kabisa, mali pekee ya maana aliyopata kuimiliki maishani. Akaipaka mashine yote rangi ya kijani, na ubavuni akaandika kwa herufi kubwa: TANI TANO.

Zaidi ya hapo akatafuta gogo la mkuyu lililoliwa na mchwa mpaka likawa pipa, akaziba ncha zote mbili kwa vipande vya mninga mzima, akavipaka udongo. Aliliita "gogo la kipimo". Wataalamu, alieleza, hawapimi mashine kwa gogo lolote tu.

Siku ya majaribio, nusu ya Mungaa ilikuwepo. Injini ilinguruma, waya ukakaza, na gogo la kipimo likapaa hewani kama kikapu cha pamba. Watu walipiga makofi. Mzee Alute, mwenye maksai, alilitazama lilivyoshushwa, akainama akaangalia ardhi pale lilipotua, kisha akamnong'oneza Bi Hajira maneno mawili matatu kwa Kinyaturu. Paskali alidhani mzee analilia ajira yake. Akamwonea huruma kidogo, kwa kuwa alikuwa mtu wa utu.

"Injinia, umenishinda," alisema Bi Hajira. "Ila fedha zote ziko kwenye mzigo wa vitambaa. Kule korongoni nina magogo matatu ya mninga. Chukua hayo, mimi nichukue mashine."

Paskali aliyakagua. Aliyagonga kwa kisu, aliyanusa, hata aliyalamba. Yalikuwa mazima, manene, ya thamani mara nne ya winchi nzuri. Moyoni alimsikitikia mjane yule asiyejua bei ya mali yake. Wakaandikishana mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Ndani ya siku saba magogo yawe yametoka korongoni; yasipotoka yarudi kwa Bi Hajira. Paskali alisaini kwa kalamu ya pili, ile inayoandika.

Kesho yake alikuja na dereva wa lori. Dereva akachungulia korongoni, akauliza, "Yanapandaje?"

Paskali alikimbilia watu wa kijiji. Kila aliyeombwa alishangaa. "Injinia, si una winchi?" Aliporudi kwa Bi Hajira kuiazima, mama alimpa kwa moyo mweupe. Waya ulikaza, meno yakateleza kwa mlio wa kusikitisha, na gogo halikutikisika hata kwa heshima. Lori likaondoka zake.

Siku ya sita, Paskali alikuwa amekonda na kalamu imebaki moja. Akaenda kwa Mzee Alute.

"Shikamoo mzee. Nitolee magogo yangu."

"Marahaba. Nitakutolea moja. Mawili yatakuwa ujira wangu."

"Mawili! Huo ni wizi!"

"Basi waite wa Ulaya," alisema mzee kwa upole.

Maksai walilivuta lile moja mpaka barabarani kabla ya jua kuwa kali. Paskali alikaa juu yake siku mbili. Malori yalipita yamejaa, na madereva walimpungia mkono. Siku ya tatu Bi Hajira alifika, akalinunua kwa nauli ya kwenda mjini na sahani ya ugali.

"Mama, ulijua?" aliuliza Paskali akitafuna.

"Mzee Alute alijua. Gogo zito likitua huacha shimo. Lako halikulaza hata jani."

"Sasa winchi mbovu uliitakia nini?"

"Winchi?" Bi Hajira alicheka mpaka akashika kilemba. "Hiyo nimemrudishia muuza vyuma chakavu. Mwanangu, mimi na Mzee Alute tulikuwa tunatafuta injini ya kukamulia alizeti."

Kutoka uani kwa Mzee Alute, injini ilisikika ikinguruma, tamu, bila kukohoa hata mara moja.