Vita vya Jani la Mfenesi

Njooni, enyi watu wa Korogwe na Handeni! Tueni mizigo, sogezeni vigoda, na anayetafuna muhogo ameze kwanza, maana habari hii haitaki kelele za meno. Namsimulia Mhina, simba wa mkonge, bingwa wa kisu, aliyepigana kando ya mto karibu na Mazinde, mwaka ule shamba la serikali lilipouzwa kwa tajiri.

Tajiri yule aliwageuza wakata mkonge wote kuwa vibarua, kisha akamleta Efrazia, bibi utumishi mwenye miwani mikubwa na sauti ya tarumbeta. Efrazia akapanda juu ya toroli la mkonge, akanguruma: "Enyi wafanyakazi! Mtambo wetu umeuchafua mto, na kingo zake zimebaki uchi. Basi atakaye kuthibitishwa kazini apande mche mtoni, autunze. Siku ya ukaguzi, mwenye jani bichi atathibitishwa. Mwenye kijiti atafungasha, na nyumba ya kambi ataiacha!"

Mhina akapanda mfenesi, nao ukastawi, ukatoa majani mapana hata mkewe Hilaria akapiga vigelegele. Lakini enyi mazoea, mna taabu! Mkono uliokata mkonge tangu ujana hauvumilii kuliona jani la chini likining'inia. Kila alipotoka kazini shujaa alipita mtoni, akachomoa kisu, akakata majani ya chini na kuacha ya juu, kama ilivyo sheria ya mkonge, hata mfenesi ukabaki na jani moja utosini.

"Mhina weee!" Hilaria akalia. "Umeunyoa mti kama mtoto wa arobaini! Tukifukuzwa tutalala wapi?"

Mhina akakificha kisu mgongoni. Aliogopa, tena aliogopa sana.

Asubuhi ya ukaguzi, Mhina akiwa mtoni analinda mche wake, vumbi likatanda. Alikuwa Lomayani, mfugaji kutoka nyika za Handeni, akileta mbuzi wake kunywa maji. Na mbele yao alitangulia beberu mwenye ndevu, mla vyote, asiyejua haya.

"Simama, ewe mwana wa nyika!" Mhina akamkemea beberu. "Jani hili ndilo paa la nyumba yangu! Ukilila, umekula kitanda, sufuria na heshima ya mke wangu!"

Beberu akajibu, "Meee," akanyoosha shingo.

Hapo Mhina akatwaa mzigo wa majani ya mkonge, akayachomeka kuuzunguka mche, miiba ikielekea nje. Beberu akachomwa pua, akaruka, akakimbia bila kuaga.

"Pole, mzee," akasema Lomayani. "Huyu hajawahi kushindwa."

"Mwambie leo amekutana na mwanamume!"

Efrazia akafika, akauzunguka mfenesi, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mzee Mhina, huu ni mti au mpini?"

"Mama, ulidai jani bichi. Lile pale, limetoka vitani."

Efrazia akalishika, akajikaza asicheke, akashindwa. "Haya, umethibitishwa!"

Umati wa vibarua waliokuja kukaguliwa ukashangilia. Mhina, kifua mbele, akachomoa kisu kuupigia mti saluti. Jicho lake likatua kwenye lile jani, ambalo kwa kuwa lilikuwa peke yake, lilikuwa la juu na la chini pia. Mkono ukaanza kushuka wenyewe.

"Lete hapa!" Hilaria akachomoka umatini, akampokonya kisu.

Hivyo mfenesi ule uliokolewa mara mbili asubuhi moja: Mhina aliuokoa na beberu, Hilaria akauokoa na Mhina. Nanyi wazao wetu, mkila fenesi pale mtoni, tajeni majina yote mawili, na la Hilaria litangulie.