Gavoti ya Kumwingiza Wambui

Jumatatu, 1 Juni 1998
Kikao cha kamati ya harusi, sebuleni kwa dada yangu Margaret, Woolwich, London. Binti yake Wambui anaolewa na Tom tarehe 13. Mbarouk, mshereheshaji wetu, amepewa maikrofoni tena. Harusi ya nne mfululizo! Mimi, mjomba wa bibi harusi, nikapangiwa kupokea makoti ya wageni. Nikapinga. Nikaambiwa haya, nisimamie kuingia ukumbini: kutoka mlangoni hadi meza ya keki, basi. Nikifaulu, maikrofoni ya harusi ya Septemba, ya binti wa mwanakamati Lawrence, ni yangu. Nikimharibia Wambui siku yake, asema Margaret, nitapokea makoti hadi nizeeke. Mashahidi walikuwa sita. Nimeandika majina yao.

Jumatano, 3 Juni
Mbarouk huwaingiza maharusi kwa kaseti ileile kila mwaka. Mimi nataka wapigaji halisi. Nimezungumza na Kalpana wa ofisi ya mishahara pale gereji ya mabasi, ninapopanga ratiba. Mzaliwa wa Kisumu, anakaa Queensbury, anapiga sello, ile fidla kubwa ya kubanwa kwa magoti, katika kikundi cha muziki wa kale. Akapendekeza gavoti, dansi ya majumba ya wafalme wa Ulaya ya miaka mia tatu iliyopita. Atakuja na wenzake watano.

Nikamwomba anieleze muundo wake. Haianzi na pigo zito. Hutangulia mapigo mawili mepesi, ndipo zito lije. Besi, ile sauti nzito, inatembea chini bila kupumzika, na kinanda kinaifuata. Ina sehemu mbili, kila moja hupigwa mara mbili. Kisha inakuja gavoti ya pili, ya upole, kwa mpango uleule. Mwisho wanarudi kwenye ya kwanza, lakini safari hii kila sehemu mara moja tu. Nikauliza kwa nini mara moja. Akasema ndiyo desturi. Naona ni uvivu. Mabasi yangu hayana desturi.

Ijumaa, 5 Juni
Ratiba tayari. Kurasa nne, rangi tatu. Kanuni: muziki ukirudi ulikotoka, na watu warudi walikotoka. Sehemu ya kwanza, mlangoni hadi nguzo ya katikati. Ikirudiwa, kinyumenyume hadi mlangoni. Sehemu ya pili, mlangoni hadi keki. Ikirudiwa, kinyumenyume tena. Hakuna basi langu linalolala barabarani. Kalpana alisoma, akaniuliza taratibu kama bibi harusi anafika. Nikamwambia anafika mara tatu. Mbarouk huwafikisha mara moja.

Jumapili, 7 Juni
Mazoezi baada ya kanisa. Mapigo mawili mepesi, mguu juu. Zito, kanyaga. Tom aliwahi, akamkanyaga Wambui. Wapambe wamezaliwa hapa hapa. Wananisikia kwa Kiswahili, wananicheka kwa Kiingereza. Muda ukatuishia tukiwa bado sehemu ya kwanza. Mbarouk, ambaye hakualikwa, alikuwa ameegemea mlango. Akasema, "Bwana Douglas, huyu bi harusi ana leseni ya kwenda rivasi?" Wambui akanivuta kando. "Mjomba, mimi nataka tu mama anione nikiingia." Nikamwambia mama atachoka kumwona.

Jumamosi, 13 Juni
Watu mia mbili. Gavoti ikaanza. Mguu juu, kanyaga. Vigelegele hadi nguzoni. Kinyumenyume: vigelegele vikapungua. Mbele hadi keki: vikarudi. Margaret akasimama kumpokea mwanawe. Kinyumenyume: Margaret akakaa. Gavoti ya pili, ya upole. Margaret akasimama, akakaa. Pilau ikaanza kupoa. Mbarouk akashika maikrofoni: "Jamani, bi harusi anaingia au anaaga?" Ukumbi ukacheka. Mimi sikucheka.

Ya kwanza ikarudi. Mlangoni, nguzoni, na bila kurudi nyuma hata hatua moja, moja kwa moja hadi keki. Muziki ukakoma. Wambui mbele ya mama yake, Margaret amefungua mikono, ukumbi mzima vigelegele. Nikatazama ratiba. Safari mbili za kinyumenyume hazikufanyika! Nikapanda juu ya kiti, nikapaza sauti kwamba wanamuziki wameruka marudio, wapige tena, na watu warudi nyuma. Wapambe, watoto watiifu, wakarudi nyuma. Mmoja alikuwa ameshika mkia wa gauni. Kuchanika kwake nilikusikia nikiwa pale juu kitini.

Margaret hakunitazama. Alivua mtandio wake, akamfunga Wambui kiunoni. Kalpana akarudisha sello kwenye mfuko wake. Mbarouk safari hii hakufanya utani. Alisema tu, "Karibu mwanangu, keti. Umefika."

Jumatatu, 15 Juni
Margaret amepiga simu. Maikrofoni ya Septemba ni ya Mbarouk. Mimi ni makoti. Nimetafakari bila upendeleo, na kosa nimelipata: gavoti. Mtu makini hawezi kutegemea dansi isiyoanza na pigo zito.

Nimekwenda maktaba. Kuna menueti, dansi nyingine ya majumba yaleyale, mapigo matatu, inaanza na pigo zito kama inavyotakiwa. Nayo ina sehemu mbili, kila moja mara mbili. Nimechora ratiba ya mlangoni: mgeni anakabidhi koti, anarudishiwa, anakabidhi tena. Septemba huwa na baridi. Makoti yatakuwa mengi.