Udi wa Bi Mwanamkasi na Mashindano ya Folk-rock

Jumatatu, 2 Novemba 2009
Karakanani Hockley, huku Uingereza, redio tangu asubuhi. Folk-rock imepanda chati! Bosi wangu, Kewal, anazijua nyimbo zote. Nikatega sikio: wanaume wenye ndevu, ala za mbao, wanalilia mapenzi. Loo! Kazi hiyo mimi naifanya harusini tangu Unguja, malipo biriani! Ndevu ninazo. Kizibao ninacho. Udi ni wa Bi Mwanamkasi, kiongozi wa kikundi chetu cha taarab. Nimemwambia naupeleka kubadilishwa nyuzi. Akasema Jumamosi binti yake Batula anaolewa. Udi ukipata hata mkwaruzo, kikundini nimekwisha. Nikamwapia.

Jumatano, 4 Novemba
Kesho kuna mashindano ya folk-rock, mkahawa mmoja wa Balsall Heath. Mshindi anarekodiwa! Nimemsimulia Raphaël, Mkongomani wa meza ya jirani karakanani, jinsi nilivyoupata udi. Kacheka mno. Kumbe naye anapiga gitaa kanisani, na kajiandikisha! Hana haya. Lakini mimi nina mke. Aida na wenzake watainuka kunitunza, kama kwenye taarab. Waingereza wakiona noti zinanimiminikia, watajua huyu nyota.

Alhamisi, 5 Novemba
Balaa! Nimeimba, watu kimya kama msibani. Aida kakaa tu. Eti mwanamke hainuki kutunza ubeti usiomsema mtu. Akapanda Raphaël. Kwa Kiswahili chake cha Bukavu, kaimba habari za bwana anayeazima kitu cha bibi mtu kwa uongo wa nyuzi. Aida huyo! Noti mkononi, anacheza, kidole kinanielekea mimi. Nyuma yake? Bi Mwanamkasi, kaalikwa na mke wangu mwenyewe! Naye katunza. Waingereza wakasimama, wakapiga miguu sakafuni. Raphaël kashinda. Nimerudi nyumbani peke yangu, fataki za sikukuu yao Waingereza ya tarehe tano zinalia mji mzima.

Jumamosi, 7 Novemba
Harusini nilijibanza jikoni. Nikaitwa. Bi Mwanamkasi kaugeuza udi, kaukagua mbele na nyuma. Hauna mkwaruzo. Akasema niketi mahali pangu, kwani mpigaji mwingine kahamia Leicester, na kwamba siku nyingi hajacheka vile. Alhamdulillah! Machozi yalinitoka, nikasingizia vitunguu. Nimepiga mpaka vidole vikafa ganzi. Chati za nini? Moyo mweupe.

Jumapili, 8 Novemba
Raphaël kapiga simu. Anataka udi kwenye rekodi yake. Nimekataa kabisa, kisha nikauliza saa ngapi. Lakini mtu hujirekebisha. Safari hii Bi Mwanamkasi simdanganyi ng'o. Nitauchukua bila kumwambia kitu.