Yah: Ngozi ya Pikipiki Mliyoikataa

Samuye, Shinyanga
Juni 1973

Kwa Meneja,
Kampuni ya Bima ya Ngao ya Ziwa,
Kisumu.

Ndugu Meneja,

Nimeanza na Ndugu kwa sababu huku kwetu kila mtu ni ndugu, hata anayekunyima. Kama huko mnapenda Bwana, jisomee Bwana, maana sikuandika ili tugombee jina. Natumaini u mzima na watoto hawajambo. Sisi huku ni wazima, ila heshima yangu ndiyo mgonjwa, na dawa yake iko mezani kwako.

Mimi ni Valerian Mihayo, mfugaji. Baada ya Pasaka nilipanda meli Mwanza kuja kwenu kwenye harusi ya binti wa shemeji yangu Otmar, fundi wa reli hapo Kisumu. Harusi ilikuwa kijijini kwa bwana harusi, mbali na mji, nami nikakodi pikipiki kwa Bwana Nyangweso, yule mwenye duka karibu na soko. Alinipa karatasi yenye muhuri wenu, akasema hiyo ndiyo bima. Nikaikunja, nikaitia mfukoni mwa shati upande wa moyo, nikajua nimelindwa. Njiani pikipiki iliingia mtaroni ikafa. Mimi na Otmar tulitoka na michubuko tu.

Barua yenu ya kukataa imefika. Mwalimu Theonest wa hapa kijijini alinitafsiria Kiingereza chake, na wote wawili tumeona haina huruma. Nina malalamiko yafuatayo.

1. Mnasema bima ile ni ya mtu wa tatu tu, yaani inamlipa aliyegongwa, si pikipiki yenyewe wala sisi tuliopanda. Ndugu Meneja, mtu wa tatu alikuwepo. Alikuwa bibi mmoja mwenye vyungu kichwani, na kumkwepa yeye ndiko kulikotupeleka mtaroni. Kumbe tungemgonga, mngefungua kasha bila kinyongo. Sasa bibi ni mzima, vyungu vizima, na mkosaji ni mimi. Naomba mumwandikie bibi huyo mmweleze kwa nini kupona kwake kumewaudhi.

2. Mnasema karatasi ina jina langu, na aliyeshika usukani ni Otmar. Ni kweli. Barabara zile anazijua yeye. Ningeendesha mimi tungefika Uganda. Lakini kwetu ng'ombe wa mtu akiletwa kwangu, ameletwa nyumbani. Mke wangu Justina anamkamua, watoto wanamchunga, mimi namhesabu jioni. Hakuna mwenye ng'ombe aliyewahi kuniuliza siku fulani fimbo alishika nani.

3. Mnasema bima inakoma pale lami inapokoma. Lami ya upande ule ilikoma kabla pikipiki haijapata moto. Hiyo ni bima ya kuzunguka ofisi yenu.

4. Hili ndilo linaloniuma. Kwetu mwenye ng'ombe wengi huwaweka baadhi kwa mwenzake, awatunze na kunywa maziwa. Ng'ombe akifa, mtunzaji anamchuna, anampelekea mwenyewe ngozi na sehemu ya nyama. Mwenyewe anaikagua, anaona alama yake sikioni, anaguna, mambo yanaisha. Halipi mtu, kwa sababu kifo hakina mlinzi.

Basi nilifanya kama nilivyolelewa. Nilifungua kiti cha pikipiki, ambacho ni cha ngozi. Nilifungua kibao cha namba, ambacho ndicho alama ya sikio. Petroli iliyobaki niliichota kwenye chupa, ikawa badala ya nyama. Nikampelekea Bwana Nyangweso kwa miguu, kofia mkononi, nikampa pole, nikamwambia msiba huu ni wetu sote. Akaniuliza pikipiki iko wapi. Nikamwonyesha ngozi mara ya pili, polepole, nikidhani hakuiona vizuri. Alipiga kelele mpaka soko likahamia dukani kwake. Mwishowe akanituma kwenu, na karani wenu hakuigusa ngozi ile, aliniambia tu niiondoe mezani kwake.

5. Habari mbaya haikati tiketi. Ilipanda meli, ikashuka Mwanza, ikanitangulia Samuye: Valerian amekula pikipiki ya watu. Zizini kwangu kuna ng'ombe watano, na wote ni wa Mama Zipora, mjane wa Tinde. Wiki iliyopita alikuja, hakunywa hata maji, akawahesabu, kisha akawahesabu tena. Amesema Sabasaba ikipita bila mimi kumwonyesha neno safi kutoka Kisumu, atakuja kuwaswaga. Maziwa ya hao ng'ombe ndiyo yanayolea watoto wangu. Naogopa, Ndugu Meneja, na sioni aibu kuandika kwamba naogopa.

Fedha siombi. Naomba mwandike mstari mmoja wenye muhuri kwamba pikipiki ilikufa kifo chake, na kwamba ngozi imepokelewa. Kiti ninacho bado, nitakituma kwa meli.

Mkikataa tena, nashauri mfunge ofisi kwa muda mje Samuye kujifunza bima. Mtalala kwangu. Nitawaonyesha jirani yangu Bujiku, niliyemwekea ng'ombe wangu pekee, jike mweupe. Tangu nimkabidhi sijamuuliza swali hata moja, na sitamuuliza. Karatasi yenu imejaa maswali, dhamana yetu haina hata moja. Ninyi mkiwekewa mali mnataka kuaminiwa, sisi tukiwekewa tunaulizwa lami. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Nisalimie wafanyakazi wote, na karani yule mwenye meza safi. Msalimie Bwana Nyangweso akishapoa, na bibi wa vyungu mkimwona. Justina anawasalimu. Wabeja sana, ndiyo asante ya kwetu.

Ni mimi ninayengoja muhuri,
Valerian Mihayo

N.B. Nilikuwa nafunga bahasha Bujiku akaingia uani na ngozi ya ng'ombe wangu mweupe. Anasema ng'ombe alitumbukia katika shimo la zamani la wachimba dhahabu, huko upande wa Kharumwa. Nimemuuliza nani alikuwa anachunga, akajibu shemeji yake. Nimemuuliza kama malisho ya Kharumwa yalikuwamo katika makubaliano yetu, akanisogezea fungu la nyama. Nyama nimeipokea, ngozi nimeikataa, nimemwambia nataka ng'ombe. Sasa amekaa hapo mlangoni, ananionyesha ngozi mara ya pili, polepole. Tafadhali nitumieni haraka nakala nyingine ya barua yenu ya kukataa, safari hii kwa Kiswahili, na mahali pa jina muache wazi. Ile ya kwanza niliichana kwa hasira, na sasa naona ilikuwa imeandikwa vizuri sana.